Kumtunza Aliyekatwa Mguu Anaporudi Nyumbani

  Kama uko jikoni, endelea na kazi yako huku ukisikiliza. Kama una kalamu na karatasi, zisogeze karibu, kwa maana leo kuna mambo ya kuandika.

Leo tunazungumza juu ya mgonjwa aliyekatwa mguu. Huenda ni mume wako aliyepata ajali ya bodaboda. Huenda ni mama mkwe ambaye kisukari kilimletea kidonda kisichopona. Huenda ni mtoto aliyeumwa na nyoka, au aliyevunjika mfupa akafungwa vijiti kwa nguvu mno hadi damu ikakosa njia na nyama ikaoza. Sababu ni nyingi, lakini siku ya kurudi nyumbani hufanana. Mgonjwa anashushwa garini, majirani wanakuja kumpa pole, chai inanyweka, na jioni watu wanaondoka. Mnabaki wewe na yeye.

Watu wengi hudhani kwamba kazi kubwa imeishia hospitalini, na kilichobaki ni kungoja mguu wa bandia. Sivyo, mama. Kama mtu huyu atatembea tena au la, sehemu kubwa ya jambo hilo huamuliwa nyumbani katika wiki na miezi ya kwanza: anavyolala, anavyoketi, anavyofungwa bendeji na ngozi yake inavyotunzwa. Fundi anaweza kutengeneza mguu mzuri sana wa bandia, lakini hawezi kuuvalisha kwenye goti lililokakamaa wala juu ya kidonda kibichi.

Nitatumia neno kigutu kwa maana ya ile sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa. Hilo ni jina la kiungo tu. Mtu mwenyewe tutamwita kwa jina lake, kama zamani.

KARATASI ULIYOPEWA HOSPITALINI

Mgonjwa anaporuhusiwa kwenda nyumbani, hupewa karatasi. Mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza, tena kwa mkono wa haraka, na wengi huikunja na kuiweka pamoja na risiti. Mama, usiondoke wodini kabla ya kusomewa karatasi hiyo mstari kwa mstari. Mwambie muuguzi hivi: "Sista, nisomee kwa Kiswahili, na unionyeshe kwa mikono." Hiyo ni haki yako.

Angalia hasa tarehe ya kurudi. Sisi wahudumu wa afya tuna desturi ya kuandika muda kwa mkato. Ukiona 2/52, maana yake ni wiki 2, kwa sababu mwaka una wiki 52. Ukiona 3/12, ni miezi 3, kwa kuwa mwaka una miezi 12. Na 5/7 ni siku 5, kwa kuwa wiki ina siku 7. Nimeona wagonjwa waliochelewa kutolewa nyuzi kwa sababu hakuna aliyejua namba hizo zinasema nini. Omba uandikiwe siku na tarehe kamili.

Kabla ya kuondoka uliza mambo manne: Nani ataosha na kufunga kidonda, na kila baada ya siku ngapi? Nyuzi zitatolewa lini? Bendeji ya kukaza ianze lini? Na tutamwona lini mtaalamu wa mazoezi ya viungo?

MTO CHINI YA GOTI

Sasa sikiliza vizuri hapa, kwa maana hapa ndipo wagonjwa wengi hupoteza nafasi ya kutembea.

Mtu anapokuwa na maumivu, huona nafuu akikunja goti. Nasi kwa huruma tunamwekea mto chini yake. Anatushukuru, analala. Lakini msuli usionyooshwa hufupika, na kiungo kisichonyooka huanza kukakamaa katika siku chache. Baada ya wiki kadhaa goti halinyooki tena hata ukilisukuma. Kwa aliyekatwa juu ya goti, kinachokakamaa ni nyonga: paja linabaki limeinama mbele au limeelekea nje.

Nilimwona kijana wa miaka 14 aliyekatwa chini ya goti baada ya ajali. Nyanya yake alimtunza kwa moyo wote. Alimpa kitanda chake mwenyewe na mto wake bora, nao mto ukakaa chini ya goti kwa miezi mitatu. Kidonda kilipona vizuri, safi kabisa. Walipofika kwa fundi wa viungo bandia, goti lilikuwa limejikunja kama la mtu aliyeketi kitini, na fundi akasema hawezi kumpima. Ilibidi arudi kwenye mazoezi ya kunyoosha kwa miezi mingi, yenye maumivu kuliko yale ya mwanzo. Nyanya hakuwa mvivu. Hakuna aliyemwambia habari ya mto.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Goti nalo lazima linyooshwe lingali laini. Kwa hiyo:

1. Usiweke mto, blanketi wala leso iliyokunjwa chini ya goti, chini ya paja, wala katikati ya miguu.

2. Alalapo chali, mguu uwe umenyooka na magoti yakaribiane. Godoro lililobonyea katikati linakunja nyonga. Weka ubao chini yake, au mlaze kwenye godoro gumu.

3. Akiketi, kigutu cha chini ya goti kisining'inie. Weka stuli au kiti kingine mbele yake, kigutu kilale juu yake goti likiwa limenyooka. Kama anatumia kiti cha magurudumu, fundi seremala anaweza kukata kipande cha ubao kinachoingia chini ya mto wa kukalia na kutokeza mbele ili kubeba kigutu.

4. Asiketi mchana kutwa. Kila baada ya muda alale na kujinyoosha.

5. Alale kifudifudi, yaani kwa tumbo, dakika 20 hadi 30, mara mbili au tatu kwa siku, daktari akishakubali. Uso autazamishe upande wa mguu mzima. Hii ndiyo dawa ya nyonga. Kama ana ugonjwa wa moyo, anahema kwa shida au ni mja mzito, asilale kwa tumbo. Alale chali akiwa amenyooka kabisa.

Mgonjwa atalalamika. Atakwambia unamtesa. Mweleze sababu, na umpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa kama nusu saa kabla ya mazoezi. Maumivu yaliyotulizwa humsaidia kunyooka.

MAZOEZI MADOGO YA KITANDANI

Mtaalamu wa mazoezi atakuonyesha yanayomfaa mgonjwa wako. Mengi hayahitaji chombo chochote. La kwanza kwa aliyekatwa chini ya goti: akiwa amelala chali, akaze msuli wa paja na kusukuma goti lishuke kitandani, ahesabu mpaka tano, alegeze. Arudie mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. La pili: ainue kigutu goti likiwa limenyooka, akishushe polepole. La tatu: akiwa kifudifudi, ainue paja kidogo kuelekea juu. Na mikono nayo ina kazi, kwa sababu ndiyo itakayobeba mwili kwenye magongo: aketi, aweke viganja kitandani, asukume mpaka makalio yanyanyuke kidogo.

Pumzi isizuiwe wakati wa mazoezi. Akiona kizunguzungu au kifua kikimbana, aache.

BENDEJI YA KUKAZA

Baada ya upasuaji kigutu huvimba. Bendeji ya kuvutika hupunguza uvimbe na kukipa kigutu umbo linaloweza kuingia kwenye mguu wa bandia. Ikifungwa vibaya, kigutu hupata umbo la kibuyu: kimebanwa katikati, kimevimba chini. Kibuyu hakiingii kwenye mguu wa bandia.

Usianze bendeji hii kwa uamuzi wako. Kwa mwenye kisukari au mishipa iliyoziba, kukaza kunaweza kuzuia damu, hivyo daktari au mtaalamu wa mazoezi ndiye aseme anza. Wengine hupewa soksi maalumu ya kukaza badala yake. Ukiruhusiwa, fanya hivi:

Kwa aliyekatwa chini ya goti, bendeji ya upana wa inchi 4 inafaa. Kwa aliyekatwa juu ya goti, inchi 6. Aketi goti likiwa limenyooka. Anza juu kidogo upande wa mbele, shuka mpaka nchani, pita chini ya ncha, panda nyuma kwa mshazari, kisha shuka tena kwa mshazari upande wa pili, kama unayeandika namba 8. Kamwe usizungushe kama unayefunga pete, maana mviringo hubana damu. Kaza zaidi kwenye ncha, legeza kadiri unavyopanda. Usiache ngozi ikichungulia katikati, wala mikunjo. Bendeji ya chini ya goti imalizikie juu ya goti. Ya juu ya goti izunguke kiuno ili isiteleze. Ishike kwa plasta. Pini inaweza kumchoma mtu ambaye ngozi yake haisikii vizuri.

Ifungue na kuifunga upya kila baada ya saa 4 hadi 6, na wakati wowote inapolegea. Akisema kigutu kinapwita, kinauma zaidi au kimekufa ganzi, au ukiona ngozi imebadilika rangi au ni baridi, ifungue mara moja, hata kama ni saa nane usiku.

Uwe na bendeji mbili: moja imefungwa, nyingine inakauka. Ifue kwa sabuni ya kawaida, ikamue bila kuisokota, uianike ikiwa imelala kivulini. Ukiitundika kwenye kamba inavutika na kupoteza nguvu.

KIDONDA NA NGOZI

Nyuzi kwa kawaida hutolewa kati ya wiki 2 na wiki 3. Kwa mwenye kisukari au mwenye damu isiyofika vizuri, muda unaweza kuwa mrefu zaidi. Kabla ya kushika kidonda nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Kidonda kisipakwe majivu, maziwa, dawa ya meno, mafuta ya breki wala unga wa vidonge vilivyopondwa. Haya yote nimeyaona, na yote huleta usaha.

Kidonda kikishapona kabisa, osha kigutu kila jioni kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, suuza, kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini. Kwa nini jioni? Kigutu kilicholoweshwa asubuhi huvimba kidogo na kushikana na mguu wa bandia. Usikiloweke kwenye beseni. Usipake spiriti, inakausha ngozi mpaka ipasuke. Usinyoe vinyweleo. Kisha chukua kioo kidogo, cha kunyolea kinatosha, mgonjwa atazame upande wa nyuma na nchani kila siku. Mfundishe afanye mwenyewe.

Wakati huohuo kizoeze kigutu kuguswa. Akipapase kwa kitambaa laini, baadaye kwa taulo, akigongegonge polepole kwa vidole, na kulisogezasogeza kovu lisishikane na mfupa. Dakika 5 mara kadhaa kwa siku zinatosha. Kigutu kisichovumilia taulo hakitavumilia mguu wa bandia.

Rudi hospitalini siku hiyohiyo, usingoje tarehe, ukiona: homa, usaha au harufu mbaya, kidonda kufunguka, ngozi kuwa nyeusi, maumivu yanayozidi kila siku badala ya kupungua. Damu ikitoka kwa wingi, kandamiza kwa nguvu kwa kitambaa safi, inua kigutu, na mwende bila kuachilia mkono. Na kama paja au mguu wa pili umevimba ghafla na kuuma, au mgonjwa anakosa pumzi ghafla, huenda damu imeganda ndani ya mishipa. Hiyo ni dharura.

MAUMIVU YA MGUU USIOKUWEPO

Usiku mmoja atakwambia, "Vidole vinaniwasha." Utatazama, vidole havipo. Usimcheke, na usiogope.

Karibu kila aliyekatwa kiungo husikia kana kwamba kingali pale, na zaidi ya nusu yao husikia maumivu: kuchomwa, kubanwa, kupigwa na umeme. Daktari Mmarekani aitwaye Silas Weir Mitchell aliandika juu ya jambo hili mwaka 1871, baada ya kuwatibu askari waliokatwa viungo vitani. Mishipa ya fahamu iliyokatwa huendelea kupeleka habari, nao ubongo ungali na picha ya mwili mzima. Si uchawi. Si kwamba mguu ulizikwa vibaya, wala hakuna haja ya kuufukua ukanyooshwe. Na mgonjwa hajarukwa na akili.

Kinachosaidia ni kukifunga kigutu vizuri, kukipapasa na kukigongagonga, kusogeza goti na nyonga, na kuwa na shughuli. Kuna pia zoezi la kioo, lililoanza kujulikana miaka ya 1990: kioo kirefu husimamishwa katikati ya miguu, mgonjwa hutazama mfano wa mguu mzima ukisogea mahali pa ule uliokatwa, na kwa baadhi ya watu ubongo hutulia. Mtaalamu wa mazoezi anaweza kumwongoza. Yakimnyima usingizi, mpeleke kwa daktari. Zipo dawa za mishipa ya fahamu, tofauti na zile vidonge vya maumivu vya dukani. Kumeza vidonge vya dukani kila siku kunaweza kuharibu tumbo na figo.

ASIANGUKE

Anguko moja linaweza kufungua kidonda kilichokuwa kimepona. Hatari kubwa ni usiku: mgonjwa anaamka na usingizi, anasahau, anakanyaga mguu usiokuwepo. Weka magongo pale mkono unapofika, na tochi chini ya mto. Weka kiti kando ya kitanda, akiamka akiguse kwanza, akumbuke. Ondoa mikeka inayoteleza na nyaya sakafuni. Chombo cha haja ndogo kiwe karibu usiku.

Choo cha shimo ndicho kigumu zaidi. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya shimo, kinamtosha. Ongeza nguzo imara ya kushikilia ukutani. Njia ya kwenda chooni isawazishwe na isiwe na tope. Angalia na mipira iliyo chini ya magongo: ikiisha, nunua mingine. Gongo lisilo na mpira huteleza kwenye simenti yenye maji.

MGUU WA PILI

Kama mguu ulikatwa kwa sababu ya kisukari, ugonjwa wenyewe ungalipo, na mguu uliobaki uko hatarini. Sasa unabeba mzigo wote. Utazame kila jioni, juu, chini na katikati ya vidole: malengelenge, mpasuko, wekundu, funza. Funza atolewe na mtu mwenye ujuzi na kifaa safi, si kwa mwiba wala pini. Asitembee peku hata ndani ya nyumba. Kabla ya kuvaa kiatu akikung'ute na kupitisha mkono ndani, kijiwe kidogo huwa kidonda. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko chako. Asiote moto kwa nyayo mbele ya jiko. Apake mafuta kwenye unyayo, lakini si katikati ya vidole. Dawa za sukari na shinikizo ziendelee bila kuruka, na kama anavuta sigara, hii ndiyo siku ya kuacha, kwa maana sigara huziba mishipa ya miguu.

MGUU WA BANDIA

Kidonda kikipona bila shida, wengi huanza kupimwa kati ya wiki 6 na 12 baada ya upasuaji. Wengine huchukua muda zaidi. Fundi huchukua umbo la kigutu na kutengeneza soketi, yaani kikombe kinachokivaa kigutu. Mweleze maisha ya mgonjwa yalivyo: anapanda mlima, analima, anachuchumaa, anapiga magoti kuomba? Kwa mfano, wayo wa Jaipur, uliobuniwa India miaka ya 1960, ulitengenezwa kwa ajili ya watu wanaochuchumaa na kutembea shambani.

Aanze polepole. Siku za kwanza avae kwa saa moja au pungufu, avue, atazame ngozi. Alama nyekundu inayofifia ndani ya dakika 10 au 20 ni kawaida. Isiyofifia, au lengelenge, maana yake ni avue na arudi kwa fundi. Asijichongee soketi kwa kisu wala kuijaza vitambaa. Soksi ya kigutu ifuliwe kila siku. Usiku mguu wa bandia upumzike, naye apumzike.

Mambo mawili watu hawaambiwi. La kwanza, kigutu hupungua unene katika mwaka wa kwanza, kwa hiyo soketi iliyokaa vizuri Januari inaweza kupwaya Agosti. Huko si kuharibika, arudi irekebishwe. La pili, mguu wa bandia hupangwa kwa kimo cha kisigino cha kiatu fulani. Akibadilisha kutoka ndara kwenda kiatu chenye kisigino, mwili unasukumwa mbele na anaweza kuanguka. Aende kwa fundi na viatu anavyovaa kila siku.

KAMA NI MTOTO

Mtoto huzoea upesi, mradi tumwache ajaribu. Usimbebe mgongoni kwa sababu ya huruma. Kwa kuwa anakua, mguu wa bandia unamwacha: chini ya miaka 5 kwa kawaida huhitaji mwingine karibu kila mwaka, na kutoka miaka 5 hadi 12 karibu kila miaka 2. Mfupa nao unaweza kukua kwenye ncha na kusukuma ngozi. Ukiona ncha imechongoka au ngozi imekuwa nyembamba na nyekundu, mpeleke kwa daktari. Zungumza na mwalimu mkuu kabla hajarudi shuleni: darasa la chini, kiti cha karibu na mlango, ruhusa ya kwenda chooni mapema.

MOYO WAKE NA MGONGO WAKO

Aliyekatwa mguu anaomboleza. Atanyamaza, atakasirika, atakataa chakula. Mpe nafasi ya kusema, na umpe kazi: kuchambua mboga, kusimamia masomo ya watoto, kushika hesabu ya duka. Mtu anayefanyiwa kila kitu hujiona mzigo. Akisema hataki kuishi, usilichukulie kama maneno ya hasira. Usimwache peke yake, na tafuta msaada hospitalini upesi.

Nawe mama, usimnyanyue kwa mgongo. Afundishwe kuhama kutoka kitandani hadi kitini kwa mikono yake. Wagawie wengine zamu: kijana wa kiume naye anaweza kujifunza kufunga bendeji. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako mwambie akupitie.

MSAADA UNAPOPATIKANA

Hospitali kadhaa kubwa za kaunti zina karakana ya viungo bandia, na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta inayo. Shirika la APDK, lililoanzishwa mwaka 1958, lina matawi Nairobi, Mombasa na kwingineko. Kwa watoto ipo hospitali ya CURE huko Kijabe. Uliza gharama kabla ya kupimwa, na uliza bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, italipia nini.

Mwandikishe mgonjwa katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Atapimwa kwanza katika hospitali iliyoidhinishwa, kisha apewe kadi. Kadi hiyo ndiyo mlango wa kuomba vifaa na misaada mingine. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa haki ya kupata vifaa vya kumsaidia, na haki ya kuitwa kwa jina lisilomdunisha. Jirani akimwita kwa ulemavu wake, mkumbushe jina lake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Hakuna mto chini ya goti wala paja.

2. Mguu unyooke, alale kifudifudi mara mbili au tatu kwa siku ikiwa daktari amekubali.

3. Bendeji ni kwa umbo la namba 8, ikikaza nchani na kulegea juu, baada ya kuruhusiwa.

4. Tazama ngozi ya kigutu na ya mguu wa pili kila siku.

5. Maumivu ya mguu usiokuwepo ni ya kweli, na yana tiba.

6. Homa, usaha, weusi au damu: hospitalini siku hiyohiyo.

7. Omba tarehe ya kurudi iandikwe kamili, na uitimize.

Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa wa namna hii, leo jioni ingia chumbani mwake ukatazame goti lake limelala vipi. Kama mto upo, uweke chini ya kichwa chake.